Meno ya Jirani wa Shangazi

9 Januari

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimesimama jikoni, karatasi nimeiweka juu ya friji, kwa sababu mwanangu, huyu Mheshimiwa, amegundua kwamba nikikaa tu, yeye analia. Anajuaje kama nimekaa au nimesimama ilhali macho kayafumba, sijui. Simu nimeizima. Ikilia naye analia, na yeye ana pumzi kuliko simu. Kwa hiyo usipige, andika, kama ulivyokuwa ukiniandikia nilipokuwa shule ya bweni.

Huku sote wazima. Baba mtoto anatoka alfajiri kwenda kiwanda cha mikate, anarudi mchana ananukia mkate, anampakata mwanawe, na wote wawili wanalala pale pale kwenye kiti, midomo wazi. Mama mkwe alikaa nasi kidogo, kisha akaenda kwa binti yake ambaye naye kajifungua. Ukoo huu safari hii umeamua kuzaa kwa pamoja.

Sasa nikueleze huyu mtu wetu. Paji la uso ni la marehemu baba. Yaani kaka yako mtupu. Akikukunjia uso unahisi umechelewa kurudi nyumbani. Miguu hatujui kaitoa wapi. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, nimezaa mtu asiye na hata jino moja, basi kutwa namchungulia fizi kama mteja. Fizi safi, Shangazi, pana na imara. Wateja wote wangekuwa na fizi kama hizi, kazi yangu ingekuwa starehe.

Jana dukani nilijikuta kwenye foleni nabembeleza mfuko wa sukari. Mwenye duka akaniuliza, "Anaitwa nani?"

Haya, nililotaka kusema ni hili. Ulisema akizaliwa utakuja. Kazaliwa. Chumba cha nyuma tumekipaka rangi, ile ya majani mabichi unayoipenda. Baba mtoto anasema usije kutembea, uje kukaa kabisa. Tangu ustaafu upigaji chapa mahakamani, uko huko peke yako unafanya nini? Wewe ndiye uliyenilea. Nikirudi kazini nitamwachia nani mwingine?

Mwanao,
Chiriku

27 Januari

Marahaba, Chiriku wangu, na Mheshimiwa mpe marahaba yake ingawa najua hajaniamkia.

Barua yako imefika ina doa. Nimelinusa, ni maziwa. Nimeiweka chini ya mto.

Hapa hatujambo. Mvua imetupiga wiki nzima, bati la jikoni likaanza kuvuja juu ya jiko lenyewe, nikawa napika nimeshika mwavuli. Bahati nzuri jirani alipita, yule fundi baiskeli, akapanda akaliziba. Nilimwambia kwa umri wake asipande, akasema umri uko chini, yeye yuko juu. Ni mtu wa vichekesho, lakini akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yamemwisha.

Kuhusu safari. Natamani sana kuja, ila goti langu la kushoto limeanza maneno. Jirani anasema nisithubutu kukaa kwenye basi kutwa nzima na goti kama hili. Amenitengenezea kigoda cha kuegeshea mguu, kwa chuma cha baiskeli. Kinazunguka.

Mtoto akilia umeshamnyonyesha na umeshambadilisha, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, miguu ining'inie. Wewe nilikuwa nakubeba hivyo huku nachapa hukumu kwa mkono mmoja. Asiponyamaza, mwache alie kidogo, unywe chai. Hajawahi kufa mtu kwa kumwona mama yake anakunywa chai.

Msalimie sana mkwe wangu. Rangi ya majani mabichi ni nzuri.

Shangazi yako

18 Februari

Shangazi, shikamoo, na goti nalo shikamoo, maana naona ndilo linaloamua mambo siku hizi.

Mtindo wa kifudifudi umefanya kazi. Nimembeba hivyo nikapika, nikafagia, nikampokea mtu wa kusoma mita ya umeme. Akaniambia, "Dada, huyo mtoto umemvaa kama mkoba."

Kuna habari kubwa. Amecheka. Si kile kicheko cha gesi, kicheko chenyewe, chenye sauti. Baba mtoto alipiga chafya, kwa ile sauti yake ya mlango wa chuma. Mheshimiwa akashtuka, akamtazama, akaangua kicheko hadi akapata kwikwi. Tukatazamana sisi wawili kama watu walioona mwezi umeshuka uani. Baba mtoto akakimbilia jikoni, akanusa pilipili manga, akapiga chafya nyingine. Kicheko. Akanusa tena. Mchana ulipita hivyo hivyo. Jioni mume wangu alikuwa na pua kama nyanya na macho yamevimba, anasema hajawahi kufurahi namna hii maishani mwake. Kesho yake kiwandani msimamizi akamrudisha nyumbani kwa kudhani ana mafua, naye hakubisha, akaja kupiga chafya zaidi.

Kwa bati, pole. Kwa goti, pole. Huyo jirani mbona ametokea mara nyingi kwenye barua yako kuliko mimi?

Bosi wangu ametuma mtu kuuliza nitarudi lini karakana. Nimemjibu, karibuni. Sijui karibuni ni lini. Taya za plasta za wateja zimejaa kwenye rafu, zinaningoja.

Mimi niko sawa kabisa. Nalala vizuri.

Rangi imeshakauka, harufu imeisha. Goti linaendeleaje?

Mwanao,
Chiriku

6 Machi

Chiriku mwanangu,

Nimesoma habari ya chafya nikacheka peke yangu posta, karani akaniuliza kama niko salama.

Goti limepata nafuu, lakini sasa paka amezaa, na amezalia ndani ya kabati, juu ya nguo zangu za safari. Siwezi kuwahamisha bado.

Nina ombi. Yule jirani ameamua kuweka meno. Daktari wa meno wa hapa ni hodari wa kung'oa, ila meno anayoagiza hugonga mdomoni kama vikombe kwenye sinia. Nimemwambia jirani kwamba mwanangu ndiye fundi, hakuna kama yeye. Basi daktari atachukua alama ya fizi zake, atamwaga plasta, atakutumia. Najua uko nyumbani na mtoto. Kama huwezi, sema huwezi.

Umeniandikia kwamba unalala vizuri. Mimi sikuwa nimekuuliza.

Shangazi yako

11 Aprili

Chiriku,

Nimeandika mara mbili, hukujibu. Taya za jirani tulizituma kwa basi, tukaandika anwani ya karakana yako, hatujui kama zimefika. Simu yako bado imezimwa. Ya mkwe wangu inapokewa, ananiambia, "Wazima, Shangazi, wazima," kwa sauti ya mtu aliyesimamiwa.

Sitaki barua ndefu. Andika neno moja tu. Andika "nipo".

Shangazi

20 Aprili

Nipo.

Shikamoo, Shangazi, na unisamehe. Nilikuwa nikianza barua, nafika kwenye "sote wazima", kalamu inagoma.

Sikuwa nalala. Si kwa sababu ya mtoto tu. Hata yeye akilala, mimi nilikaa namtazama kama anapumua. Nikila, chakula hakina ladha. Nikichekeshwa nacheka, kisha naingia bafuni, nafungua bomba, nalia ndani ya taulo. Baba mtoto akiuliza nasema sabuni imeniingia machoni. Mtu gani anaingiwa na sabuni kila siku?

Siku moja, aliporudi kutoka kazini, nilimpa mtoto nikasema natoka kununua sabuni. Nikafika dukani, nikapita. Nikapita na kona ya fundi viatu. Miguu ilikuwa na safari yake. Nikashtukia niko karakana, nimekalia kigoda changu, sijamsalimia mtu. Bosi wangu unamjua, maneno yake ya mwezi mzima hayajazi kijiko. Akanitazama, akaenda rafuni, akaniwekea mezani kifurushi chenu. "Hiki kina jina lako," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Nikafungua. Taya ya juu na ya chini ya jirani yako, nyeupe, kimya. Nikawasha taa ya spiriti, nikalainisha nta, nikaanza kupanga jino la kwanza. Nilidhani mikono itakuwa imesahau. Haikusahau chochote. Hapo ndipo nililia, Shangazi, na maziwa nayo yakashuka, nikawa natoka maji kila upande kama bomba bovu, lakini mikono haikusimama. Nilipanga meno sita ya mbele ya mtu nisiyemjua, na nikajisikia mimi ni mtu.

Nikarudi nyumbani bila sabuni. Baba mtoto alikuwa anazunguka sebuleni na mwanawe begani, anamwimbia vipimo vya unga na hamira. Akaiona mikono yangu mitupu, akaiona nta kwenye kucha. Akasema tu, "Kesho ukanunue tena."

Basi nikawa naenda kununua sabuni kila mchana. Hatujapata hata kipande. Siku moja alichelewa kiwandani, nikambeba Mheshimiwa hadi karakana. Ungekuwepo. Lile benchi la wateja wanaongoja, si unajua, wote wamekaa wamefumba midomo kwa aibu. Bibi mmoja akampokea, akasahau aibu, akamchekea kwa fizi. Mheshimiwa akamjibu kwa fizi. Wakatazamana hivyo, hakuna anayemficha mwenzake kitu. Mzee wa pembeni akafungua mdomo naye. Mara benchi zima linacheka bila meno, na Bosi wangu akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Yule bibi meno yake yalishakuwa tayari, lakini bado anakuja, eti yanambana. Yanambana siku ambazo mtoto yupo.

Nimeongea na nesi wa kliniki pia. Amenisikiliza vizuri, amenipangia siku za kurudi. Usingizi umeanza kunitembelea. Basi usiogope.

Meno nayatuma yakiwa kwenye nta. Daktari amjaribishe kwanza, kisha mnirudishie nimalizie. Ila nina swali. Kwenye karatasi ya vipimo daktari ameandika: mgonjwa anaomba meno ya mbele yaonekane vizuri akicheka, kuna picha anatarajia kupiga.

Picha gani, Shangazi?

Chumba chako bado kinakungoja.

Chiriku

15 Mei

Chiriku wangu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umefanya vizuri kwenda kwa nesi. Umefanya vizuri kupita lile duka. Mkwe wangu mwambie kuanzia leo si mkwe, ni mwanangu wa kumzaa, na wewe ndiye uliyeolewa kwetu.

Sasa na mimi nieleze, maana umeniuliza swali na mahakamani nimezoea kuona watu wakihangaika kujibu.

Goti langu ni zima. Jumamosi nimecheza muziki uani hadi kiatu kikakatika kisigino. Paka alishahamisha wanawe siku nyingi. Bati lilivuja kweli, ila lilizibwa siku ile ile, na yule aliyeliziba akaendelea kuja kuliangalia kila jioni kama mgonjwa. Mimi naye tumekuwa tukinywa chai pamoja tangu mwaka jana. Nilikuwa naona haya. Mtu mzima mimi, mwenye miwani ya kusomea na miwani ya mbali, nakuandikiaje kwamba nikisikia kengele ya baiskeli kwenye uchochoro navua aproni?

Siku ya kujaribu yale meno ya nta nilimsindikiza. Daktari akamwekea, akamwambia, "Usiume, usiongee, tazama kioo tu." Akatazama. Kisha akanigeukia pale pale kwenye kiti, kitambaa shingoni, akasema, "Bibie, unaonaje tukaoana?" Daktari akasema, "Mzee, nta." Akasema, "Nakuja, daktari, huyu kwanza." Mimi nikacheka nikakaa kwenye kiti cha vifaa, vikaanguka vyote. Jino moja lilisogea, utaliona. Ndilo la kulia juu. Usimlaumu, lilikuwa linasema neno "tukaoana".

Nimekubali. Tutaandikishana mwishoni mwa Juni, ndiyo hiyo picha.

Kwa hiyo, mwanangu, siji kukaa kwenye kile chumba. Hili ndilo lililonishinda kuandika. Nilikulea wewe na sijutii hata asubuhi moja, na ningekuja kukulelea huyo, ningempenda hadi nikasahau njia ya kurudi. Najijua. Watu wote wananiona mimi ni mtu wa kulea, nami nimekuwa hivyo kwa furaha. Lakini safari hii kuna mtu anayenitengenezea kigoda, nami nataka kukikalia.

Kama umekasirika, kasirika, ila usinyamaze.

Shangazi yako

24 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nilikasirika. Nilikasirika asubuhi nzima, nikafinyanga nta kwa nguvu hadi Bosi akanisogezea ya mtu mwingine asiye na haraka. Niliwaza, yaani mimi nimelia kwenye mataulo, kumbe yeye anacheza uani. Kisha nikafika kwenye lile jino lililosogea. Nililishika kwa koleo nilirudishe mahali pake, nikakumbuka lilikuwa linasema nini, nikaanza kucheka. Nikacheka hadi nikalala juu ya meza. Mheshimiwa akacheka kwa kuwa nimecheka, yule bibi naye, na mtu aliyeingia kuuliza bei akafikiri amekosea mlango.

Niseme ukweli na mimi. Nilipokuita uje, mlezi wa mtoto ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine, nilitaka unilee mimi tena kidogo. Unisukie nywele, uniambie nimekonda. Lakini naona nimeshakuwa mkubwa, imetokea wakati sijaangalia.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Asubuhi namchukua Mheshimiwa karakana, mchana baba yake anapitia kumchukua na mkate wa benchi zima. Kwenye chumba chako analala baba mtoto akitoka zamu, na anasema ile rangi inamletea ndoto za mchicha.

Sasa nijibu, na usinifiche: anakuitaje? Wewe unamwitaje? Siku ya kwanza alisema nini? Gauni rangi gani? Mimi nimwite nani, Mjomba, Baba, au Mzee wa Bati? Bosi wangu ameyang'arisha yale meno kwa mikono yake mwenyewe, akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Huyu atacheka." Kwa Bosi, hiyo ni hotuba.

Mheshimiwa ameota jino. Nililigundua kwa njia ya uchungu, nikimnyonyesha, na nililosema siwezi kuliandika kwa shangazi yangu.

Meno hatuyatumi kwa basi. Tunayaleta sisi wenyewe, wote.

Chiriku

2 Julai

Chiriku wangu,

Nyumba imekuwa kimya tangu muondoke, na chini ya meza nimeokota soksi ya mtu mdogo. Sitairudisha.

Nataka nikwambie jambo ambalo siku ya harusi sikupata nafasi ya kulisema. Mliposhuka kwenye basi, nilikuwa nimejipanga. Nilijiambia nitamsalimia mtoto kwa mbali, nitambusu kichwani, nitamrudisha kwa mama yake, maana nilijiogopa. Ukanikabidhi tu, bila kuuliza, ukaenda kutafuta begi. Akanikunjia uso wa kaka yangu. Nikamwambia, "Sijachelewa, nilikuwa hapa hapa." Akanishika pua, basi mambo yangu yote niliyojipangia yakaishia pale.

Nilidhani mkiondoka itaniuma. Imeniuma. Lakini nimegundua inauma vizuri, kama miguu baada ya kucheza. Na nilikuona wewe pale kwenye ofisi ya ndoa, unamtengenezea bwana harusi meno yake kwa kidole gumba, mtoto kifudifudi mkononi, unamwambia msajili asubiri kidogo, naye anasubiri. Nikasema huyu hahitaji mtu wa kumlea. Umekonda, lakini. Kula.

Agosti tutakuja kuwatembelea kwa muda mfupi. Mumeo asihame kule kwenye mchicha, sisi tutalala sebuleni.

Ulimwengu huu una mambo. Nimechapa maneno ya watu maisha yangu yote, viapo, hukumu, talaka, na kuna maneno mepesi sijawahi kuyaandika kwa ajili yangu.

Mume wangu anakusalimu.

Kwa kweli hajakusalimu. Yuko uani anatia upepo tairi la mtu, wala hajui kama naandika barua. Nilitaka tu kuiandika hiyo sentensi. Mume wangu anakusalimu sana.

Shangazi yako